Mgonjwa wa Kisukari na Sinia ya Ugali

Maswali mengi tunayoletewa na ndugu zetu hapa Kisorya baada ya sala ya Isha ni ya twahara, ya ndoa na ya mirathi, kama ilivyo desturi ya maswali anayoulizwa mwalimu wa madrasa popote alipo. Lakini kwa miaka hii ya karibuni limeingia swali jingine ambalo halimo katika vitabu tunavyosomesha, nalo ni hili: "Maalim, hospitali wameniambia nina kisukari, je, sasa nile ugali wa nini?" Mmoja ameshauriwa na jirani yake ale dona. Wa pili ameambiwa kuwa ulezi ndio dawa. Wa tatu amesikia kuwa muhogo aliolelewa nao ndio uliomtia maradhi, na sasa anautazama kama adui. Na wa nne, mzee wa watu, aliletewa na mwanawe kwa njia ya simu mafundisho ya kuacha wanga wote kabisa, asionje ugali wala wali wala kiazi; naye akatii, akawa hali ila samaki na mboga, na huku anaendelea kumeza vidonge vyake vile vile vya asubuhi na jioni. Siku ya tano akaanguka njiani akienda sala ya Alfajiri, jasho linamtoka na maneno yake hayaeleweki, na waliomwona wakadhani amepagawa.

Alhamdulillahi, mzee huyo yu hai. Lakini tuliona kuwa jambo hili halifai kuachiwa barazani, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Sisi si matabibu, wala hatudai utabibu. Haya tuyaandikayo tumeyapata kwa kuwauliza madaktari na kwa kusoma yaliyoandikwa na wataalamu, nayo hayawezi kushika mahali pa maneno ya daktari anayemjua mgonjwa wake. Hata hivyo twaona kuwa daktari huyasema yake kwa dakika chache, kwani wagonjwa wako foleni. Na mgonjwa akirudi nyumbani huikuta sinia ile ile, mapishi yale yale na jamaa wale wale. Hapo ndipo maneno ya daktari yanapopotea, na hapo ndipo tunapotaka kusema.

Kwanza yafaa tuyajue maradhi yenyewe. Chakula cha wanga, nacho ni ugali, wali, mkate, chapati, viazi, ndizi, muhogo na vya namna hiyo, kikifika tumboni huvunjwa kikawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, Mwenyezi Mungu ameweka chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kuifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia mwilini ikatumike kwa nguvu. Ikiwa insulini haiko, au iko lakini mwili hauitii, sukari hubaki katika damu; na ikikaa humo kwa miaka huharibu macho, mafigo, moyo na mishipa ya miguu.

Maradhi haya yana aina mbili kubwa, na asiyezitenga atapotea. Katika aina ya kwanza, ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, kongosho haitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Mgonjwa wa aina hii hana maisha bila ya sindano, wala hakuna chakula kinachoweza kushika mahali pa sindano hiyo. Kabla ya mwaka 1921, ambapo Banting na Best waliipata insulini katika mji wa Toronto, huko Kanada, madaktari wakubwa wa Marekani hawakuwa na njia ila kuwanyima watoto hao chakula, hasa wanga. Na watoto wakaishi miezi, pengine mwaka au miwili, huku wakikonda mpaka wakabaki mifupa, kisha wakafa. Kwa hiyo anayemwambia mzazi wa mtoto mwenye kisukari kuwa aache sindano na apunguze wanga, anamrudisha mtoto huyo kwenye siku zile. Aina ya pili ndiyo ya walio wengi, nayo huwapata zaidi watu wazima, hasa walionenepa kitumbo. Hapa insulini iko, bali mwili umekuwa mzito kuitii, na kongosho nayo huchoka. Maneno ya kupunguza wanga na kupunguza uzito yanawahusu hawa.

Sasa tuje kwenye muhogo, kwani huo ndio chakula cha pwani hii ya ziwa, na kuusingizia si haki. Zamani wataalamu wa nchi za nje walidhani kuwa sumu iliyomo katika muhogo mchungu, iitwayo sianidi, huenda ndiyo inayoharibu kongosho na kuleta kisukari kwa watu maskini. Dhana hiyo ilikuja kupimwa hapa hapa mkoani Mara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa upande wa Tarime walipatwa na maradhi ya kupooza miguu yaitwayo konzo, kwa kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kuanikwa vya kutosha. Basi palikuwa na watu ambao hapana shaka walikuwa wamekula sumu hiyo kwa wingi. Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi Muhimbili, pamoja na Profesa Swai na wenzao, wakawapima sukari watu wa kijiji kimoja cha huko, wakawalinganisha na watu wa vijiji visivyopatwa na sumu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: wala muhogo hawakuonekana kuwa na kisukari zaidi ya wenzao.

Watafiti hao hao walikwisha kuchapisha, mwaka 1989, uchunguzi wa vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Katika watu wa miaka 15 na zaidi, wenye kisukari hawakufikia mtu 1 katika 100. Lakini mwaka 2012, ulipofanywa uchunguzi wa taifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, walioonekana na maradhi haya walikuwa kiasi cha 9 katika 100. Hesabu hizi mbili hazikuchukuliwa kwa umri mmoja wala kwa njia moja, na kwa hiyo si halali kuzilinganisha kama mtu anavyolinganisha bei ya jana na ya leo. Hata hivyo, nani miongoni mwetu aliye na umri wa miaka hamsini asiyeona kuwa maradhi yaliyokuwa yakisikika kwa matajiri wa mijini sasa yamo katika nyumba zetu?

Muhogo haukubadilika. Wazee wetu waliula asubuhi na jioni, kisha wakaenda shambani kwa jembe la mkono, wakavuta nyavu kwa mikono yao, wakatembea kwa miguu mpaka Kibara na kurudi. Leo barabara ya lami imetufikia mpaka kivukoni, mahali watu wanapovuka kwenda Rugezi na Ukerewe nzima, nayo ni neema kubwa. Lakini kijana wa miaka ishirini hupanda bodaboda kwenda duka analoliona kwa macho. Akifika hununua soda, ambayo chupa yake moja ndogo ina sukari ya vijiko saba au vinane vya chai, na jioni akipata fedha hula chipsi mayai. Hatusemi haya kwa kuwalaumu vijana peke yao. Chai ya wazee, kwa vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku, nayo ina hesabu yake.

Hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Kusema kuwa muhogo haukuleta maradhi si kusema kuwa mwenye maradhi aweza kuula apendavyo. Kuni si mwenye kuiwasha nyumba, lakini nyumba ikisha kushika moto hakuna mwenye akili anayeitupia kuni.

Turudi basi kwenye swali la ugali wa nini. Jibu la haki ni kuwa swali lenyewe halikuulizwa sawa. Katika gramu 100 za unga mkavu wa muhogo, zaidi ya gramu 80 ni wanga. Katika unga wa mahindi, wa mtama na wa ulezi, wanga ni baina ya gramu 70 na 80. Tofauti ni ndogo. Dona, mtama na ulezi vina makapi, yaani nyuzinyuzi, zaidi ya sembe nyeupe, na makapi hayo huichelewesha sukari kidogo isipande kwa ghafula. Basi mwenye kuvipata avile hivyo, ni bora. Lakini tumewaona watu ambao, baada ya kuambiwa ulezi ni mzuri, wameongeza matonge, na asubuhi wakanywa bakuli mbili za uji wa ulezi kwa kuwa eti ni dawa. Na uji, hata usipotiwa sukari, ni unga uliolainishwa sana, nao hufika katika damu upesi. Linalofaa kuulizwa ni hili: nile ugali kiasi gani, na pamoja na nini?

Kiasi ndicho kigumu, kwani sisi hatuli kwa kipimo. Ugali husongwa mmoja, hupakuliwa katika sinia, na watu watano au sita hunawa wakaizunguka. Ni desturi njema, wala hatutaki ife. Ndimo mtoto anamojifunza kupiga bismillahi na kula kilicho mbele yake. Lakini katika sinia hakuna ajuaye nani amekula matonge mangapi, hata mgonjwa mwenyewe hajui. Na mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mgonjwa, hula mwisho, jikoni, mabaki ya ugali na mchuzi, akiona haya kuyatupa, kwani kutupa chakula ni israfu. Naam, ni israfu. Bali kukitia chakula hicho katika mwili unaodhurika nacho si kukiokoa. Afadhali apunguze unga tangu mwanzo chungu kikiwa motoni.

Wataalamu wa lishe wana kipimo chepesi kisichohitaji mizani. Katika sahani ya kawaida, nusu iwe mboga za majani, robo iwe kitoweo, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Na ugali wenyewe usizidi ngumi ya mlaji. Anayetaka kula sinia moja na wenzake aikate sehemu yake mwanzo, aiweke mbele yake, na ikiisha mkono wake uende kwenye samaki na mboga tu. Ni rahisi kusema, twajua. Siku za mwanzo mtu huondoka chakulani akijiona hakula, maana tumbo lililozoea mlima halitoshwi na kichuguu. Wengi waliofanya hivyo wametuambia kuwa baada ya wiki mbili au tatu njaa hiyo hutulia, hasa kwa aliyejaza mboga na kitoweo.

Na kuna haya za jamaa, ambazo ni nzito kuliko njaa. Mwanamke mmoja wa hapa alimpunguzia mumewe ugali kama walivyoagizwa hospitali, na mama mkwe wake akamshitaki kwa ukoo kuwa anamnyima mwanawe chakula. Likawa shauri la wazee. Tulipoitwa kusuluhisha, tuliona kuwa yule mume hakuwa amemwambia mama yake kuwa anaumwa. Aliona aibu kuonekana mgonjwa angali kijana wa miaka arobaini. Mke akabeba lawama ya mapishi kwa miezi minne kwa kuilinda siri ya mumewe! Alipoambiwa mbele yetu, yule mama alilia, kisha akauliza swali la busara kuliko yetu sote: "Basi mimi nimpikie nini?"

Tulimjibu, nasi twawajibu wasomaji wetu, kuwa kwa mtu wa ziwani jambo hili ni jepesi kuliko kwa wengi. Samaki hana wanga. Sato, sangara, kambale, kamongo, wote ni kitoweo kitupu. Tunajua atakayesema kuwa samaki mkubwa amekuwa wa kupelekwa viwandani na ng'ambo, na aliyemvua mwenyewe hamli; ni kweli, na inatuuma. Lakini dagaa wanaoanikwa mchangani mbele ya macho yetu bado wako ndani ya uwezo wa nyumba nyingi, nao wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, mbali na chokaa iliyo katika miba yao, ambayo hujenga mifupa. Waoshwe vizuri mchanga utoke, wapikwe kwa nyanya na kitunguu, mafuta kidogo. Mayai ya kuku wa nyumbani nayo ni kitoweo. Mboga ziko kila mahali: mchicha, mnavu, matembele, kisamvu, majani ya kunde, mlenda, bamia, kabichi, nyanya chungu. Hizi hula mtu mpaka ashibe, wala hahesabu. Maharage, kunde na choroko zina wanga, lakini wanga wake huenda polepole na una protini pamoja nao. Zihesabiwe kuwa nusu kitoweo na nusu ugali, na anayekula maharage mengi apunguze tonge. Karanga za kuchemsha, konzi moja, ni bora kuliko andazi la saa nne.

Matunda si haramu kwa mgonjwa, kama wengine wanavyodhani, lakini ale tunda lenyewe, kipande cha papai au nusu ya embe, wala asinywe maji yake yaliyokamuliwa. Na asali? Tunaulizwa sana, kwa sababu asali ina sifa yake katika Kurani tukufu, wala hakuna Muislamu anayeikana sifa hiyo. Lakini sehemu kubwa ya asali ni sukari, na kijiko chake hupandisha sukari ya damu ya mgonjwa kama kijiko cha sukari ya dukani. Mwenye kuamini kuwa kitu ni shifaa hakulazimishwa kukila bila ya kipimo.

Je, kuna faida gani katika taabu yote hii? Kubwa sana. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uingereza, upande wa Uskoti na Tyneside, na Profesa Roy Taylor na Profesa Mike Lean, juu ya wagonjwa 306 wa aina ya pili, ambao maradhi yao hayakuzidi miaka sita na hawakuwa wakitumia sindano za insulini. Nusu yao walipewa chakula kidogo sana, kisichozidi kalori 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa katika chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 ya hao walikuwa na sukari isiyo ya kisukari tena, bila ya dawa yoyote. Na katika wale waliopunguza uzito kwa kilo 15 au zaidi, waliofika hapo walikuwa 86 katika 100. Maelezo yao ni kuwa mafuta yaliyorundikana katika ini na kongosho ndiyo yanayoziba kazi ya insulini, na mtu akikonda mafuta hayo hutoka mwanzo. Baada ya mwaka wa pili hesabu ilishuka ikawa 36 katika 100, kwani wengine walinenepa tena. Na hilo nalo ni fundisho kwa anayedhani kazi ni ya miezi mitatu.

Wengine wamechunguza njia ya kupunguza wanga peke yake, mgonjwa akila samaki, nyama, mayai na mboga kwa wingi. Mapitio ya majaribio 23, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa katika miezi sita ya mwanzo waliopunguza wanga walipata nafuu ya sukari kuliko wenzao, lakini kufika mwaka mmoja tofauti ilikuwa imepungua sana. Na Chama cha Kisukari cha Marekani kilikubali mwaka 2019 kuwa kupunguza wanga ni miongoni mwa njia zenye ushahidi wa kushusha sukari. Basi wale vijana wanaotuletea mafundisho haya kwa simu hawakusema uongo. Kosa lao ni kuwa wamechukua nusu ya habari.

Nusu waliyoiacha ni ya dawa. Katika uchunguzi ule wa Uingereza, siku ile ile mgonjwa alipoanza chakula kidogo, madaktari walimsimamisha vidonge vyake vya kisukari na vya shindikizo la damu, wakawa wanampima. Hawakumwachia ajipimie mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu dawa ilipimwa kulingana na chakula alichokuwa akila. Kuna vidonge, kama glibenklamaidi, ambavyo huisukuma kongosho itoe insulini, mtu amekula au hajala. Na sindano ya insulini ni vivyo hivyo. Mtu akipunguza ugali kwa nusu na dawa ikabaki ile ile, sukari hushuka chini ya kiasi, na ubongo, ambao chakula chake ni sukari, huanza kuzimika. Metfomini yenyewe ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta jambo hilo, lakini wagonjwa wengi hupewa mbili pamoja na hawajui ipi ni ipi. Mzee wetu yule alikuwa na zote mbili katika mfuko mmoja wa karatasi.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali ya ghafula, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, hasira isiyo na sababu, na maneno kuchanganyika. Mwenye kisukari akionekana hivyo, asisomewe kwanza na kungojewa. Apewe upesi sukari vijiko vinne vya chai katika maji, au nusu chupa ya soda, na baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu apewe tena. Akisha kuzinduka ale kitu. Hapa, na hapa tu, sukari ni dawa yake. Ikiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, asije akapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Dua na isomwe njiani.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza wanga, na ni jambo jema, aende kwanza kliniki akamwambie daktari kwa maneno yaliyo wazi: "Nataka kula ugali nusu ya ninaoula sasa, dawa zangu zifanywe nini?" Asiseme tu, "Nafuata masharti." Na wako ambao kukonda si kwao kabisa. Mwenye kisukari aliyekwisha kukonda, na wako wengi katika vijiji vyetu, akizidi kupungua hiyo ni alama ya hatari, pengine insulini imemwishia au ana kifua kikuu ndani yake, na dawa yake si kunyimwa chakula. Mwenye mimba asijipunguzie kitu bila ya mkunga wala daktari. Aliyeambiwa mafigo yake yameguswa asijaze samaki na nyama badala ya ugali, kwani protini nyingi humzidishia mzigo. Na mtoto wa sindano tumekwisha kumtaja.

Imebaki Ramadhani, ambayo kwa mgonjwa wa kisukari ndio mtihani mkubwa wa mwaka, nasi tunaona makosa kwa pande mbili. Upande mmoja ni wa anayefunga aliyekatazwa. Sheria imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi ndani ya Kurani yenyewe. Mwenye maradhi ya kupona atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona atatoa fidya ya kumlisha maskini kwa kila siku. Kuikataa ruhusa hiyo si uchamungu ulio bora kuliko wa aliyeitoa. Upande wa pili ni wa futari. Tazameni sinia za futari zetu: viazi vitamu, mihogo, magimbi, maandazi, uji wenye sukari, chai yenye sukari, tende, yaani wanga juu ya wanga, kwa tumbo lililokaa kutwa bila ya kitu. Mtu aliyefunga ili ashinde nafsi yake huinuka hapo sukari yake imepita kiasi, kisha usiku hula wali. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga afungue kwa maji na tende moja, zisizidi tatu ndogo, asali Magharibi, kisha ale kipande kimoja cha kiazi au muhogo pamoja na samaki, mboga na mchuzi wa kunde. Daku aicheleweshe mpaka karibu na Alfajiri, wala asiiache kamwe.

Madaktari wanaoshughulika na jambo hili wanataka mgonjwa aende kwao wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi mtukufu, ili saa na vipimo vya dawa vipangwe upya. Kwa hesabu yetu ni katika mwezi wa Rajabu. Anayengoja Shaaban iishe amechelewa. Nao wamesema kuwa aliyefunga akipima akakuta sukari chini ya 3.9, au juu ya 16.6, kwa hesabu ya mashine zinazotumika kwetu, afungue mara moja, hata kama jua limebakiza kidole kuzama. Kudunga kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu kwa wanazuoni walio wengi, basi mtu asiache kupima kwa hofu hiyo.

Mashine ya kupimia na vikaratasi vyake ni ghali kwa nyumba moja. Wako majirani wa hapa ambao nyumba nne zimechanga zikanunua moja, na hukutana kupima siku ya Ijumaa asubuhi na siku ya Jumatatu, kila mmoja akaandika katika daftari la shule kiasi cha sukari, uzito wake kila mwisho wa mwezi, na alichokula jana yake. Na daftari hilo ndilo huenda nalo kliniki. Ni mpango mzuri, na wengine wauige. Lakini kidungio na sindano yake viwe vya kila mtu peke yake, visishirikiwe hata baina ya mume na mke, na mashine ifutwe kwa spiriti kabla ya kumpa mwingine, kwani maradhi ya damu hupita kwa tone lisiloonekana.